Puti ya epoksi ikikataa: kusoma dalili kabla ya kulaumu mkono

Sanamu ikiharibika, fundi husema puti ni feki, na mwanafunzi husema hana kipaji. Mimi hufinyanga Kisumu, na kazi zilizokwama huletwa mezani kwangu au hutumwa kwa picha na wenzangu wa Nakuru na Kakamega. Mara nyingi kasoro huwa imeingia kabla kidole hakijagusa kiunzi, yaani mifupa ya waya iliyo ndani ya sanamu. Imeingia wakati wa kupima, wakati wa kukanda, au imeletwa na hali ya hewa ambayo hakuna aliyeitilia maanani.

Anza na hali ya hewa. Maelezo ya pakiti yameandikwa kwa ajili ya chumba chenye nyuzi 20 au zaidi kidogo. Kisumu iko kando ya ziwa, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na alasiri hufika nyuzi 30 huku hewa ikiwa na unyevu. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda nyuzi 10, mmenyuko wa kemikali huenda kasi karibu maradufu. Kwa hiyo puti ileile, kutoka katoni ileile, humkimbia mtu wa Kisumu na kumchelewesha mtu wa Nakuru. Ushauri wa mmoja unaweza kuharibu kazi ya mwingine, na nimeona ikitokea.

Jambo la pili ni kwamba puti ya epoksi haigandi kwa kupoteza maji kama udongo wa mfinyanzi. Rezini na hadena, zile pande mbili unazokanda pamoja, hushikana, chembe kwa chembe, hadi donge zima liwe kitu kimoja. Kuipepea hakusaidii. Kuianika juani husaidia kwa sababu ya joto tu, na joto hilo lina hatari zake.

Na kabla ya dalili yoyote, jijengee tabia hii moja: kila ukichanganya, chuna kipande kidogo ukiweke kando juu ya kigae au kifuniko, uandike saa uliyochanganya. Sanamu ikikusumbua kesho, muulize shahidi huyo kwanza. Shahidi akiwa mgumu na sanamu ikiwa laini, tatizo ni ulichofanya kwenye sanamu. Wote wawili wakiwa laini, tatizo ni mchanganyiko au baridi.

Imelala usiku kucha na bado ni laini

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Bonyeza sanamu kwa ukucha sehemu tano au sita tofauti. Je, ulaini uko kila mahali, au kuna mistari migumu na mistari laini?

Ukikuta mistari, puti haikukandwa vya kutosha. Kanda kama unga wa chapati: kunja, bonyeza, zungusha, kunja tena, mpaka rangi iwe moja. Kneadatite, ile puti ya Marekani ambayo wafinyanzi wa sanamu ndogo wanaipenda sana, hukurahisishia kwa sababu upande mmoja ni bluu na mwingine njano. Ukiona kijani kisicho na michirizi hata kidogo, umemaliza. Milliput, puti nyingine kutoka Wales, ni ngumu zaidi kuisoma, hasa ile nyeupe, kwa kuwa rangi za vijiti vyake viwili hazitofautiani sana. Hapo tegemea saa badala ya macho: dakika 5 kamili, na zaidi kama chumba ni baridi.

Ukikuta ulaini uko kila mahali, shuku kipimo. Mafundi wetu wengi walijifunza kwenye gereji, kwa fila ya gari. Fila ni poliesta, na hadena yake ni kichochezi tu: ukizidisha kidogo, inashika haraka, ukipunguza, inachelewa. Fundi akihamia kwenye epoksi hubeba mazoea hayo, huongeza hadena ili kazi iharakishwe, kisha hushangaa kuona sanamu inanata. Kwenye epoksi, hadena ni nusu ya mwili wenyewe. Kila chembe ya hadena inahitaji mwenzake kwenye rezini. Ikizidi, inayobaki bila mwenzake hukaa humo milele, laini au ya kunata, na hakuna muda utakaoiponya. Rezini ikizidi ni vivyo hivyo.

Soma pakiti ujue kipimo ni cha ujazo au cha uzani, kwa maana pande mbili zenye ujazo sawa si lazima ziwe na uzito sawa. Puti nyingi za kufinyangia hupimwa sawa kwa sawa kwa ujazo. Kizibo cha soda ni kipimo kizuri: jaza kizibo kimoja cha huku na kimoja cha kule, sawazisha juu kwa kisu. Vijiti vya Milliput ukivikata kwa rula, urefu sawa, umemaliza. Kneadatite huvumilia kidogo: njano ikizidi kiasi inakuwa laini, ya kunata na ya kupindika, bluu ikizidi inakuwa ngumu zaidi na rahisi kuvunjika. Kuna wanaocheza na tofauti hiyo kwa makusudi, lakini hiyo ni kazi ya mtu ambaye tayari anajua kipimo cha kawaida kinavyofanya kazi mkononi mwake.

Kama una uhakika wa kipimo na kukanda, basi ni baridi. Mtu wa Nakuru, Kitale au Eldoret anayefinyanga jioni na kuiacha sanamu kwenye meza ya mabati asishangae asubuhi. Hajaharibu kitu. Aiweke kwenye boksi la katoni pamoja na balbu ya zamani yenye waya, wati 40 hivi, isiyogusa katoni wala sanamu, na asiiache bila mtu wa kuiangalia. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Joto liwe lile ambalo mkono wako unalivumilia bila shida, lisizidi nyuzi 40 hivi. Aipe siku nzima nyingine kabla ya kuihukumu.

Usitumie jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana wa makaa huua, hilo kila mtu anapaswa kulijua. Zaidi ya hapo, kaboni dayoksaidi inayotoka humo ndiyo inayoleta ule utelezi juu ya puti ambao nitaueleza mbele kidogo.

Ikiwa joto la siku nzima halikusaidia na shahidi naye ni laini, kubali. Kwangua yote mpaka kwenye kiunzi, futa kiunzi, anza upya. Najua inauma, hasa uso wa sanamu ukiwa umekamilika. Lakini kupaka rangi juu yake au kufunika kwa puti nzuri ni kuzika tatizo: tabaka la juu litapasuka, kwa kuwa chini yake kuna kitu kisichotulia.

Inashika kabla sijamaliza

Uliza kwanza ulinunua nini. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi utauziwa kijiti cha epoksi cha kuzibia mabomba, chenye kiini cha rangi moja kilichozungukwa na rangi nyingine. Kingi cha aina hiyo hushika kwa dakika 5 hadi 10, kwa kuwa fundi wa mabomba anataka maji yafunguliwe haraka. Si kibaya. Ni kizuri sana kwa kufunga maungo ya kiunzi na kujaza tumbo la sanamu. Usikitumie kwa uso, vidole au manyoya. Kwa kazi hizo unahitaji puti ya kufinyangia, ambayo hukupa saa moja na zaidi.

Kama puti ni sahihi na bado inakukimbia, tazama unavyoihifadhi ukishaichanganya. Mmenyuko wenyewe hutoa joto, na donge nene hulifungia humo ndani, likazidi kujiharakisha. Kiganja nacho kina joto lake. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kiasi cha kazi ya nusu saa, na kile usichokitumia kiwe bapa kama kisahani, si mpira. Mwenye friji anaweza kukifunga kwenye nailoni bila hewa na kukiweka humo. Baridi huchelewesha sana. Kikitoka, kiache kirudi kwenye joto la chumba kikiwa bado kimefungwa, la sivyo umande utashika juu yake na utaukanda ndani.

Kisumu mimi hufanya nyuso na vidole asubuhi, kabla ya saa 4. Alasiri ni ya kukata waya, kupiga msasa na kujaza viini, yaani sehemu za ndani za sanamu.

Ina chembe ngumu ndani, kama mchanga

Kneadatite ya utepe huuzwa bluu na njano zikiwa zimegusana, na pale zinapogusana zimeshaanza kushikana tangu kiwandani. Kata mstari huo wa kati, upana wa milimita 2 au 3, utupe, kabla ya kukanda. Kwenye vijiti, ganda la nje lililokauka likwanguliwe. Ukishakanda chembe humo, hakuna kuzitoa.

Juu pamekuwa na utelezi, kama pamepakwa mafuta

Hii ni ya kwetu sisi wa ziwani, na ya Kakamega msimu wa mvua. Hadena nyingi zina kemikali iitwayo amini, na amini ikiwa juu ya uso hushika unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, ikafanya utando wa nta. Ndani puti imeshika vizuri kabisa. Kasoro iko juu tu. Watu huuona utando huu na kudhani puti haijaiva, wakaongeza joto, wakapoteza siku.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukitumia sponji au mswaki laini, suuza, kausha. Usianze na thina, kwani hueneza utando badala ya kuuondoa. Usianze na msasa pia, maana unausukuma kwenye mikwaruzo. Maji kwanza, msasa baadaye. Na usiongeze tabaka la pili juu ya utando huo hata kama una haraka ya mteja.

Imebanduka kwenye waya, au imepasuka

Epoksi hainywei kama udongo. Mpungufu wake ni mdogo mno. Kwa hiyo ufa kwenye sanamu ya epoksi karibu kila mara unaeleza habari za kitu kilicho chini yake, au za mtu aliyeisukuma ikiwa nusu ngumu.

Kijana mmoja aliniletea fahali wawili wanaopigana, kazi nzuri sana, shingo zimekaza kabisa kama unavyowaona kwenye mapigano ya fahali kule Ikolomani, Kakamega. Fahali mmoja alikuwa na ufa uliozunguka tumbo lote. Alidhani puti ni mbovu. Nilipouliza ndani kuna nini, akasema udongo wa mtoni, aliufinyanga siku iliyotangulia. Udongo ule ulikuwa bado una maji. Ulipoendelea kukauka ulinywea, ukaliacha ganda la epoksi likiwa peke yake, na alipolishika kwa nguvu likapasuka. Mti mbichi hufanya hivyohivyo, na karatasi zilizogandishwa kwa gundi pia, kama hazijakauka mpaka ndani. Kiini kizuri ni foili ya aluminiamu iliyofinywa kwa nguvu mpaka isibonyee tena, ikafungwa kwenye waya.

Waya wenyewe ndio chanzo cha pili. Waya mmoja laini ni reli: puti itazunguka juu yake na kuteleza. Sokota nyaya mbili pamoja, puti ipate pa kushika. Waya wa kufungia nondo huja na mafuta, na ukipata maji hushika kutu inayoweza kutoboa hadi juu ikaacha doa la kahawia. Ufute kwa spiriti na uusugue kwa msasa, au tumia waya wa mabati au shaba ya kebo za umeme. Kisha paka tabaka jembamba tu, ulibonyeze mpaka kila mkunjo wa waya, uliache lishike kabisa. Siku ya pili ndiyo ya kujenga mwili. Wanaotaka kumaliza siku moja ndio wanaorudi na sanamu zilizobanduka.

Kati ya tabaka na tabaka kuna njia mbili. Ukiongeza puti wakati ya chini bado inanata kidogo, zitashikana zenyewe. Ikishakuwa ngumu, ni lazima uikwaruze kwa msasa wa namba 120 hivi na uifute vumbi. Katikati ya hizo mbili, puti ikiwa imekauka juu lakini bado laini ndani, usiiguse.

Inashuka, inabeba alama za vidole, makali hayakai makali

Hizi ni dalili tatu lakini chanzo ni kimoja: kazi sahihi kwa wakati usio sahihi. Puti ya kufinyangia hupita hatua. Mwanzoni inanata na kufuata kila kitu. Hapo bandika na upate umbo la jumla, basi. Baada ya nusu saa hivi, kutegemea joto, inaanza kushika ulichokifanya. Hapo fanya macho, midomo, mikunjo ya nguo. Ikielekea ugumu wa mpira ndipo makali yanapochongwa kwa kisu. Mtu anayepambana na kope za macho kwenye dakika ya kumi anapigana na puti bure.

Kushuka huletwa pia na uzito. Mkono ulionyooshwa ukijengwa mnene kwa mara moja utashuka tu, hata Nakuru. Jenga kiini kwanza, au laza sanamu chali, au itundike kichwa chini mpaka ishike.

Alama za vidole zifute kwa kidole kilicholowa maji kidogo. Milliput hukubali maji vizuri; unaweza hata kuifanya uji mwembamba na kuupaka kwa brashi kuziba mashimo madogo ya hewa. Kwa Kneadatite maji huzuia kunata tu, hayalainishi. Maji yakizidi, uso hubaki na unga na tabaka huachana. Mafuta ya mgando hufanya kazi vizuri kwenye ncha ya kifaa, kiasi cha kung'aa tu. Yakiingia kwenye mkunjo wa puti, mkunjo huo hautashikana.

Viungo vyembamba vinakatika

Miguu ya heroe (flamingo) ndiyo mtihani wa Nakuru. Milliput na aina nyingine ngumu hukwaruzwa na kupigwa msasa vizuri ajabu, lakini zikiwa nyembamba huvunjika kama chaki. Kneadatite hubaki na mpindiko kidogo hata ikishakomaa, ila msasa huikataa, hutoka nyuzinyuzi. Wafinyanzi wengi huchanganya hizo mbili nusu kwa nusu, kila moja ikiwa imekandwa kwanza peke yake na hadena yake. Hata hivyo mguu wa heroe usitegemee puti. Spoku ya baiskeli, milimita 2 hivi, ipite kutoka kwenye mwili hadi ndani ya kibao cha chini, na puti iwe ni goti na ngozi tu. Pembe za fahali ni vivyo hivyo.

Kiini kimeyeyuka

Povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni ni kiini chepesi na cha bure, na epoksi hailili. Lakini fila ya gari hulila, na rangi ya kupuliza na thina hulila pia. Ukiona sanamu imebonyea siku ya kupaka rangi, tafuta tundu ambalo epoksi haikuliziba. Ziba kila sehemu kabla ya kopo la kupuliza kufika karibu.

Rangi inabanduka, au nyeupe imekuwa njano

Rangi ikitoka kama ganda, chini kuna mafuta ya mgando, au ule utando wa amini, au uso laini usiokwaruzwa. Osha kwa sabuni, piga msasa namba 400 ukiwa umelowa, suuza, kisha andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini. Wachongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, Kisii, husugua vinyago vyao ndani ya maji, na kwa epoksi ningeiga hilo bila kubadilisha chochote: vumbi halirushwi hewani, na msasa hauzibwi haraka.

Kuhusu unjano, epoksi haistahimili miale ya jua. Tuko karibu kabisa na ikweta, inapita pale Maseno, na sanamu ya mlangoni pa duka isiyopakwa rangi itageuka njano kisha itaanza kutoa unga. Hiyo si kasoro ya kuchanganya. Sanamu ya nje ipakwe rangi yote, hata chini, kisha vanishi yenye kinga ya jua, na ipakwe tena inapofifia.

Mikono inawasha

Hii nisingependa mtu yeyote aipuuze. Rezini na hadena zisizoshika zinaweza kuifanya ngozi ichukie epoksi, na chuki hiyo ikishaingia mara nyingi haitoki. Nawafahamu watu wa mikono mizuri walioacha kazi hii kwa sababu hiyo. Vaa glavu za nitraili wakati wa kukanda. Ukishikwa na puti, nawa kwa sabuni na maji, kamwe usitumie thina wala spiriti, kwa kuwa huisaidia kupenya. Unapopiga msasa mkavu vaa barakoa ya vumbi na ufanyie nje. Usifinyange kikombe, bakuli wala kijiko cha mtu kulia. Ukiona vipele au macho yamevimba baada ya kazi, simamisha kazi siku hiyohiyo na uende kliniki ukiwa umebeba pakiti, daktari asome mwenyewe kilichoandikwa.